Sonona haiko moja: zilinganishe ujue ya kwako au ya mtu wako iko upande gani

Huku kwetu Unguja na Pemba mtu akiwa hana raha swali la mwanzo analoulizwa ni "umefanywa nini?" Na mwenyewe anajiuliza hivohivo, nani kanikosea, nimekosa wapi, alafu akikosa jibu anajiona hana haki ya kuumwa, mana mume yupo, watoto wazima, chakula kipo, sasa ya nini kulia. Mie nafanya kazi kwenye kliniki ya mama na mtoto huku Pemba na nakwambieni kwa moyo wangu wote, swali hilo halitenganishi sonona (ugonjwa wa moyo mzito, dipresheni) moja na nyengine. Linalozitenganisha ni jengine kabisa: imeanza lini, imekaa muda gani, inakuja na kuondoka vipi. Sababu inaweza kuwepo na inaweza isiwepo, lakini tarehe zipo siku zote, na tarehe ndizo anazozitaka daktari.

Basi nazilinganisha hapa mbili mbili, mana ndivyo zinavyochanganywa. Zile zinazotusumbua sana nitakaa nazo, nyengine nitapita tu.

Sonona kubwa na sonona sugu

Madaktari wakisema dipresheni bila ya kuongeza neno mara nyingi wanakusudia sonona kubwa. Hii inahesabiwa kwa wiki mbili. Yani dalili tano au zaidi katika tisa, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, wiki mbili mfululizo, na katika hizo tano lazima iwemo moja kati ya hizi: ama moyo mzito usiochangamka, ama kupotea hamu ya vitu ulivyokua ukivipenda. Saba zilobaki ni usingizi (kukosa au kulala kupita kiasi), chakula na uzito kubadilika, uchovu, kujiona hufai au kujilaumu kwa visivyokua vyako, akili isiyotulia hata kuamua upike nini inakua kazi, mwili kuwa mzito au kinyume chake kuhangaika huwezi kukaa pahala pamoja, na fikra za kifo. Hio ni hesabu ya kitabu cha madaktari wa akili wa Wamarekani, DSM-5 cha mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani nalo lina orodha yake, ICD-11, iloanza kutumika 2022, wao dalili wameziweka kumi, wameongeza kukata tamaa, lakini tano na wiki mbili ni zilezile, kwahivo usibabaike ukisikia madaktari wawili wanataja vitabu tofauti.

Hio ya kupotea hamu watu wengi hawaijui kama ni dalili. Wanangojea machozi. Kumbe kijana alokua hakosi mpira wa jioni saivi anawasikia wenzake wanapiga makelele uwanjani na yeye kalala kaelekea ukutani. Mama alokua wa mwanzo kuulizia sare ya harusi, sasa kadi ya mualiko anaiweka juu ya kabati wala haifungui. Mzee kaacha kwenda kunywa kahawa barazani, akiulizwa anasema miguu. Na wengine wanalalamika kitu chengine tu, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, gesi, mwili mzima unachoma, wanatibiwa presha na vidonda vya tumbo miezi na miezi, na hakuna alomuuliza analala vipi.

Jambo moja la kwetu: ukihesabu usingizi na chakula ndani ya Ramadhani tizama vizuri, mana mwezi ule kila mtu analala ovyo na anakula usiku, na daku ikikatisha usingizi sio ugonjwa. Linganisha na Shaabani ilivyokua, au subiri uone baada ya Sikukuu.

Sonona sugu ni mdogo wake lakini anakaa sana. Hii inataka miaka miwili kwa mtu mzima, mwaka mmoja kwa mtoto na kijana, siku nyingi kuliko zisizokua, na katika muda huo wote hajapata nafuu ya zaidi ya miezi miwili mfululizo. Dalili zinazotakiwa ni chache, juu ya moyo mzito ziwepo mbili tu katika sita (chakula, usingizi, nguvu, kujithamini, kutulia akili, matumaini). Ndio mana inapita bila ya kuonekana. Mtu anakwenda kazini, anapika, anafunga mwani wake bamvu likifika, anarudi nyumbani, na watu wanasema yule ndo tabia yake, kanuna toka mdogo. Na yeye mwenyewe keshaamini ndivyo alivyo.

Kuzitenganisha kwa haraka: ukiweza kusema "mpaka Sikukuu ya Mfunguo Tatu nilikua sawa, baada ya hapo nikaanguka", hio inaelekea kubwa. Ukisema "sikumbuki lini nilikua sawa", hio inaelekea sugu. Na zinaweza kupandana, mtu wa sonona sugu akapata na kubwa juu yake, na hapa wengi wanahadaika mana ile kubwa ikipona anaonekana kapona wakati karudi pale alipokua, kwenye ile ya zamani. Mwambie daktari na ile miaka ya nyuma, usimwambie huu mwezi tu. Na tofauti yao inagusa matibabu pia, sonona nyepesi mara nyingi inaanzwa kwa mazungumzo ya ushauri bila ya kidonge chochote, ya kati na nzito inaweza kutaka dawa, mazungumzo, au vyote pamoja, ile sugu inataka subira zaidi na kufuatiliwa muda mrefu.

Msiba na sonona

Hapa nasema taratibu mana tunaumizana sana. Mjane yuko eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, havai mapambo, amekaa ndani. Huwezi kumhesabia kujifungia kuwa ni dalili, yuko kwenye ibada yake. Lakini pia usimpite kwa kusema "ni eda tu" kama amekonda mbavu zinaonekana, halali, na maneno yake yamegeuka.

Maneno ndo ya kusikiliza. Mwenye huzuni ya msiba anamlilia alokufa: natamani angekuwepo, najuta sikumuaga. Huzuni inampanda akiona kofia yake au ikifika saa aliyokua akirudi kutoka msikitini, alafu inashuka, mtu akimchekesha anacheka. Mwenye sonona anajilaani mwenyewe: mie sina maana, mie mzigo, wangekua bora bila yangu, na moyo haupandi hata akija mjukuu anaempenda. Zamani kitabu cha Wamarekani kilikua hakiruhusu kumwandikia sonona mtu alofiwa ndani ya miezi miwili, sharti hilo likaondolewa 2013, kwasababu mtu anaweza kufiwa na kuumwa sonona kwa pamoja, na kumngojesha ni kumuacha ateseke.

Kuna na msiba usiokwisha, ambao sasa una nafasi yake peke yake: ICD-11 inaanza kuutizama baada ya miezi sita, kitabu cha Wamarekani kilichorekebishwa 2022 kinasema mwaka. Na vyote viwili vinataka kutizama mila ya watu wenyewe inasemaje kuhusu maombolezo, kwahivo mueleze daktari kama uko eda au umeshatoka.

Talaka nayo, mana visiwani kwetu zipo nyingi, na biashara kuanguka, na kijana kufeli mtihani. Mtu akianguka ndani ya miezi mitatu ya tukio na dalili hazitimii zile tano, madaktari wanaiita hali ya kushindwa kulipokea jambo, na kwa kawaida inaondoka ndani ya miezi sita tangu tatizo lenyewe limalizike. Ikizidi mpaka dalili zikafika tano, hio ishakua sonona na itibiwe kama sonona, hata kama sababu yake iko wazi kwa mtaa mzima. Kujua sababu hakuponyi.

Mzazi: majonzi ya siku za mwanzo, sonona ya uzazi, na akili kuruka

Hapa ndo nyumbani kwangu kikazi na ndo khasa nilipotaka kufika.

Mama akishazaa kwetu anawekwa ndani arobaini, anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mama yake au mama mkwe anakaa nae, majirani wanaingia na kutoka. Watu tele. Na wote wanatizama tumbo limerudi, maziwa yametoka, mtoto kitovu kimekauka. Roho ya mzazi hakuna alopewa kazi ya kuitizama.

Yale ya mwanzo, majonzi ya siku za mwanzo, yanawapata zaidi ya nusu ya wazazi. Yanaanza siku ya pili ya tatu hivi, analia bila ya sababu, anakasirika, dakika kumi baadae anacheka na mwanawe, homoni zimeshuka ghafla na usingizi hana. Hayataki dawa. Yanataka alale, ale, asaidiwe, asisemwe. Yakifika wiki mbili yawe yameshakwisha.

Sonona ya uzazi haikubali hizo wiki mbili. Inaendelea au inaanza baadae, na vitabu vinaihesabu hata ilioanza mimba ikiwa tumboni, DSM-5 inasema wakati wa mimba au ndani ya wiki nne baada ya kuzaa, ICD-11 inasogeza mpaka wiki sita, lakini sisi makliniki tunawatizama kina mama mwaka mzima mana haiji kwa tarehe ya kitabu. Dalili ni zilezile tisa lakini zinavaa nguo za uzazi: mtoto kalala na yeye hawezi kulala. Anamtizama mtoto na hahisi kitu, alafu anaona haya kusema, mana nani atamuelewa akisema simpendi mwanangu. Au anaogopa kila kitu, anamshika pua usiku kucha aone kama anapumua. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea wajawazito asilimia 15.6 na wazazi asilimia 19.8 wanapata tatizo la afya ya akili, na kubwa lao ni sonona. Yani mama mmoja katika watano walozaa. Hesabu mabenchi ya kliniki siku ya chanjo alafu fikiri.

Ipo karatasi ya maswali kumi iliotungwa kule Edinburgh mwaka 1987 kwa ajili ya wazazi tu, inauliza siku saba zilopita, na uzuri wake haikuulizi uchovu kama uchovu, mana mzazi gani hajachoka, inakuuliza kama unaweza kucheka, kama unajilaumu, kama unakosa usingizi kwasababu ya kutokua na furaha.

Alafu ya tatu, hii tuelewane vizuri. Akili kuruka baada ya kuzaa inampata mama mmoja au wawili katika kila elfu, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na inakuja ghafla: halali kabisa na hachoki, anasema vitu havieleweki, anasikia sauti, anaamini mtoto kabadilishwa au ana kitu ndani yake, saa hii mzima saa nyengine hajui alipo. Kwetu hapo inasemwa kapandisha, kachezewa, chumba kinafungwa na mganga anatafutwa. Ndugu zangu, hii ni dharura kama ya mama anaemwaga damu. Spitali siku hiohio, usiku huohuo, na mtoto asiachwe nae peke yake hata kidogo, na yeye asiachwe peke yake. Akitibiwa mapema wengi wanarudi vizuri kabisa na wanawalea watoto wao.

Kwahivo kwa mzazi: chini ya wiki mbili na anachanganya kulia na kucheka, mpumzishe umtizame. Zaidi ya wiki mbili, mlete kliniki, na dawa zipo ambazo mama anameza huku ananyonyesha, setralini ni mfano wake, usikatize maziwa wala usikatae dawa kabla ya kuuliza. Anaona na kusikia yasiyokuwepo, usingojee asubuhi.

Inayokuja kabla ya hedhi

Karibu kila mwanamke anajua maumivu na hasira kidogo siku zikikaribia. Hii ninayoisema ni nyengine. Wiki ya mwisho kabla ya hedhi anaanguka kabisa, analia, anagombana na mume na wafanyakazi wenzake, anajiona hafai, wengine mpaka wanatamani kufa, alafu damu ikitoka siku mbili tatu anarudi mtu wake na anashangaa alikua nani yule. Inahesabiwa dalili tano katika kumi na moja, na ili ithibitike daktari anataka uandike kila siku, mizunguko miwili isipungue. Sio kukumbuka, kuandika. Sisi Waislamu tuna bahati hapo, mwanamke tarehe zake anazijua mana ana kadha ya kulipa baada ya Ramadhani, kwahivo kalenda iko tayari, ongeza tu mstari wa moyo ulikuaje leo.

Ukilinganisha na sonona kubwa tofauti ni moja: baada ya hedhi unapumua au hupumui? Ukiwa na wiki safi kila mwezi, ni hii. Ukiwa huna wiki safi ila kabla ya hedhi inazidi, basi ni sonona nyengine inayochochewa, na matibabu yanabadilika, mana hii ya hedhi wengine wanameza dawa nusu ya mwezi tu na inawatosha, sonona kubwa haitibiki hivo.

Sonona na bipola: usikosee hapa

Kama utasoma sehemu moja tu soma hii. Mtu wa bipola, ule ugonjwa wa moyo kupanda juu mno na kushuka chini mno kwa vipindi, akiwa chini anafanana na mtu wa sonona kwa kila kitu. Dalili zilezile, machozi yaleyale. Tofauti iko nyuma, kwenye siku zake za juu: alipata kipindi analala masaa matatu tu kwa usiku na haoni uchovu, anasema mfululizo, ana mipango mikubwa, anakopa, anauza shamba la mikarafuu kwa bei ya kutupa, anagawa pesa, anataka kuoa mara moja, akizuiwa anawaka? Kipindi hicho kikikaa wiki nzima au kikamfikisha kulazwa, ni wazimu wa juu kamili. Kikikaa siku nne na kisimharibie maisha, ni kile chepesi, na hichi chepesi ndo kinachopotea mana mgonjwa anakikumbuka kama wakati wake mzuri na familia inasema alikua kachangamka.

Kwa nini nasisitiza? Dawa za sonona peke yake zinaweza kumrusha mtu wa bipola juu. Yeye anataka dawa za kusawazisha, kama lithiamu. Na valproati, ambayo inatumika sana, ina madhara makubwa kwa mtoto alie tumboni, kwahivo mwanamke anaeweza kubeba mimba amwambie daktari kabla ya kuanza. Mgonjwa mwenyewe akiwa chini hakumbuki siku za juu, ndo mana nakuomba uje na mtu anaekujua, mama, kaka, mume, yoyote alokuona ulivyokua mwaka jana. Na akitoka kwenye ukoo wenye mtu kama huyo, semeni. Sio aibu ya ukoo, ni habari inayomwongoza daktari kwenye dawa.

Nyengine kwa haraka

Inayotoka mwilini: tezi ya thairodi ikilala, damu ikipungua, kisukari, kiharusi, zote zinaweza kumvaa mtu sura ya sonona, na dawa nyengine pia, kama steroidi, au efavirenzi kwa baadhi ya wanaoishi na virusi. Ndo mana utatolewa damu. Sonona haina kipimo cha damu, kipimo ni cha kuondoa hizi.

Inayotoka kwenye unga, bangi au pombe: wale vijana wetu wa soba hausi wanajua, wiki za mwanzo za kuacha mtu anakua chini mno. Madaktari wanatizama kama mwezi hivi baada ya kuacha, ikiondoka ilikua ya kilevi, ikibaki ilikuwepo peke yake, na mara nyingi ndio ilompeleka kwenye unga tangu mwanzo.

Watoto: mtoto wa skuli mwenye sonona anaweza asilie, akawa na hasira tu, na kwa watoto hasira inahesabiwa mahala pa huzuni. Ipo na ile ya mripuko mara tatu au zaidi kwa wiki, mwaka mzima, na katikati yake bado kanuna, iloanza kabla ya miaka kumi. Huyo hatibiki kwa bakora.

Ya msimu wa baridi: hapa kwetu digrii tano sita hivi kusini ya mstari wa ikweta, siku ndefu na siku fupi hazipishani hata saa moja, kwahivo hii hatuijui. Lakini ndugu zetu wako Uingereza, Uswidi, Kanada, wanapiga simu mwezi wa kumi na moja wanalala tu na wanakula tu, sisi tunawaambia waswali zaidi. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza mwaka 1984, inarudi kila baridi na kuondoka jua likirudi, na kule kuna taa maalum ya mwanga wa luksi 10,000 mtu anakaa nayo asubuhi nusu saa. Mwambie aulizie.

Inavyopimwa, na karatasi gani inakwambia nini

Utakutana sana na PHQ-9, ipo ya Kiswahili, maswali tisa ya wiki mbili zilopita, kila moja sifuri mpaka tatu, jumla 27. Tano mpaka tisa nyepesi, kumi mpaka kumi na nne ya kati, kumi na tano mpaka kumi na tisa inaelekea nzito, ishirini na kuendelea nzito. Nzuri na ya haraka, lakini ielewe mpaka wake: inakupa uzito, haikupi aina. Mtu wa bipola, mzazi, na mwenye thairodi wote watapata kumi na nane. Aina inapatikana kwa kuulizwa na kusikilizwa, kama nusu saa au zaidi: lini, mara ngapi, siku za juu, mimba na hedhi, dawa, vilevi, ukoo, na kama umefikiria kufa.

Hilo la mwisho. Kwetu mtu hasemi nataka kujiua, anajua ni haramu na anaogopa kusikiwa. Anasema "bora Mungu anichukue", "nimechoka nataka kupumzika", "watoto wangu nimewakabidhi kwenu". Ukisikia hivo muulize wazi, je unafikiria kujidhuru? Kumuuliza hakumpi wazo, kunamfungulia mlango. Akisema ndio, usimuache peke yake, ondoa sumu na vidonge karibu yake, na mpeleke spitali leo. Na kama amepewa amitriptilini, dawa ile ni hatari ikimezwa nyingi, akae nazo ndugu.

Kuhusu kusomewa na shekhe, mie Mpemba siwezi kukwambia usisomewe Qurani, na mtu anapata utulivu wake pale. Nnachokuomba ni usivifanye vishindane. Soma, na meza dawa. Kinachoua ni kuambiwa acha dawa mpaka kombe (maji ya aya unayokunywa) limalizike, au mgonjwa kufungwa na kupigwa ati shetani atoke. Mganga anaekukataza spitali muondokee.

Sasa uanzie wapi

Ikiwa ni nyepesi au huna hakika, anzia kituo cha afya kilicho karibu au kliniki unayokwenda tayari, wahudumu wa kawaida wanaweza kuuliza yale maswali. Pemba ziko spitali za Chake Chake, Wete na Mkoani, Unguja Mnazi Mmoja. Ikiwa kuna dalili za bipola, kusikia sauti, au fikra za kufa, huyo anamuhitaji mtaalamu, na Kidongo Chekundu ndio spitali ya akili ya visiwa vyetu. Najua jina lile watu wanalitumia barazani kumtukana mtu, na najua wapo wanaopita mlango ule wamejifunika uso. Ndani mna manesi na madaktari wanaotibu kila siku watu wenye kazi zao na familia zao, na wanarudi makwao.

Dawa ukipewa, jua wiki mbili za mwanzo mara nyingi utaona madhara kabla ya faida, mdomo mkavu, usingizi, tumbo, na faida inaanza kuonekana wiki ya pili mpaka ya nne, wengine ya sita. Ukiona nafuu usiache, Shirika la Afya Duniani linashauri kuendelea miezi tisa mpaka kumi na mbili baada ya dalili kuondoka, na kuacha ni kidogo kidogo kwa kuelekezwa, na kama unakuja kutoka kisiwani mbali au unakwenda dago (kambi ya uvuvi), omba dawa za kutosha kabla hujaondoka. Ramadhani pia, usijipangie mwenyewe, muulize daktari ahamishe saa, dawa nyingi za mara moja kwa siku zinamezeka baada ya futari.

Na ukienda chukua karatasi moja, hata ya daftari la skuli. Andika ilipoanza, hata kama ni "baada ya vuli" au "mtoto alipokua na miezi miwili". Andika saa unayolala na saa unayoamka. Siku za hedhi. Dawa zote, na za miti shamba pia. Kipindi chochote ulichokua juu kuliko kawaida. Na jina la mtu aliekaa nawe muda huo wote, bora zaidi awe kakaa benchi moja na wewe siku hio.